Dada Pindo na Kipimo cha Pini

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Dada Pindo, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa wa pili kati ya watoto wanne wa mlinzi wa ghala na mama aliyeshona mashuka nyumbani. Anayesoma wasifu huu ni mdogo wake, kitinda mimba, ambaye marehemu alimwita Bubu kwa sababu ya aibu yake mbele za watu. Sauti ikikwama, mvumilieni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1979 hadi 1985. Hesabu zilimpiga chenga, lakini katika kazi za mikono hakuna aliyemkaribia. Siku moja mwalimu wa ushonaji alimfunga macho kwa kitambaa mbele ya darasa, akampa sindano na uzi. Uzi ulipita mara ya kwanza.

Baada ya miaka minne ya kujifunza kwa fundi wa mtaani, tarehe 3 Januari 1990 aliajiriwa katika kiwanda cha sare za kazi, chumba namba mbili, cherehani ya kumi na moja, kando ya dirisha lisilofunguka. Kazi yake ilikuwa mapindo ya suruali. Hakutumia pini. Alikunja kitambaa kwa kidole gumba na cha shahada, akapapasa unene wake, akasukuma. Meza ilikuwa fupi na yeye alikuwa mrefu, hivyo shingo ndiyo iliyoifuata kazi chini. Fundi mitambo alipotaka kuinyanyua meza kwa vipande vya mbao, alikataa, akasema mkono wake umeshaizoea. Wenzake walimtania, "Pindo, iko siku sindano itakuingia jichoni." Naye akajibu, "Ikiingia nitashona kope kabisa, nipate kulala kazini."

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na mumewe, fundi bomba. Suruali ya bwana harusi aliifumua na kuipinda upya asubuhi ile ile, akisema ya dukani imepindwa kwa meno. Walijaliwa watoto wawili.

Ugonjwa ulianza kimyakimya mwaka 2019. Shingo iliuma, akaichua kwa dawa. Kisha vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi. Mwezi Aprili 2021 sindano ya cherehani ilipita kwenye ncha ya kidole chake, naye akaendelea kushona. Aliyeona ni jirani yake wa cherehani ya kumi na mbili.

"Pindo, damu."

"Ya nani?"

"Yako, mama wee."

Akautazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akaufunga kitambaa, akamwomba jirani anyamaze.

Kiwandani kulikuwa na kipimo kila mwaka. Mbele ya msimamizi na mganga wa kiwanda, kila fundi aliokota pini thelathini kutoka kwenye sahani, moja moja, na kuzichomeka kwenye kimto ndani ya dakika moja na nusu. Aliyeshindwa aliandikiwa barua ya kwenda kuchunguzwa hospitali kuu, na cherehani yake akapewa mwingine mpaka atakaporudi. Marehemu aliogopa hilo la mwisho tu.

"Bubu, nishikie saa," alimwambia mdogo wake. "Naufundisha mkono wa kushoto."

"Dada, si bora uende hospitali?"

"Nikitoka pale sirudi. Wewe unamjua aliyerudi?"

Mdogo wake hakumjua, na hata angemjua, hakuwa mtu wa kubishana. Kwa wiki saba, kila asubuhi kabla ya kazi, alishika saa. Pini kumi na nane. Ishirini na tatu. Ishirini na tisa.

Siku ya kipimo, tarehe 14 Juni 2021, marehemu aliuficha mkono wa kulia mapajani. "Leo nawapa wenzangu nafuu," alimwambia msimamizi, "natumia wa kushoto." Msimamizi akacheka. Mganga aliangalia saa, hakuangalia mkono. Pini ya ishirini na sita ilianguka, akaiokota upya. Ya thelathini iliingia zikiwa zimebaki sekunde mbili. Mganga akaandika: mikono mizima. Jioni ile dada na mdogo wake walicheka mpaka machozi.

Mwezi Novemba miguu ilimkatalia kwenye ngazi za kiwanda, akaanguka. Alipoomba barua ya hospitali, mganga alifungua faili. "Mama, Juni ulikuwa mzima. Pumzika siku mbili." Aliomba mara tatu, akajibiwa kwa karatasi ile ile, na hakuthubutu kusema jinsi alivyoipata. Picha ya shingo ilipigwa Septemba 2022, familia ilipochanga fedha yenyewe. Daktari aliwauliza walikuwa wapi mwaka mzima, maana uti wa mgongo ulikuwa umebanwa pale shingoni. Alipasuliwa tarehe 11 Oktoba. Maumivu yalipungua, lakini vidole havikurudi, wala miguu. Januari mwaka huu alipata homa ya mapafu. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa ameushika mkono wa kushoto, ambao bado ulikuwa unasikia.

Siku tano kabla, alimwita mdogo wake. "Bubu, utasoma wewe. Usiseme niliugua kwa muda mfupi. Sema nilidanganya kwenye pini."

"Watu watakusema, dada."

"Waseme. Wa chumba namba mbili watakuja?"

"Watakuja."

"Basi soma ukiwatazama."

Kipimo cha mwaka huu hakingoji Juni, kimeletwa mbele, ni Jumatano ijayo. Yupo aliyekuja msibani juzi akashika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Hatatajwa hapa, anajijua. Marehemu anakuomba usiokote pini ambayo kidole chako hakiisikii. Iache ianguke, waandike barua, uende. Na aliyeshika saa anakuomba hivyo hivyo.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, kaka yake mkubwa, dada mmoja na mdogo wake huyu. Mungu ampokee, ampumzishe kwa amani.