Mama Majina Hakujibakishia Sauti

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtunza sauti wa redio hii. Nyinyi hamkumjua. Alikuwa mke wangu. Hapa kazini tulimwita Mama Majina.

Kazi yake ilikuwa kuyapa mafaili majina. Vipindi vyote mlivyosikia vimo kwenye kompyuta moja, chumba cha nyuma, hakina hata dirisha. Dirisha pekee mle, alikuwa akinitania, ni lile jeusi la kwenye kompyuta. Humo aliandika mstari mmoja wa amri, na mafaili na mafolda, mamia kwa mamia, yakabadilika majina kwa mpigo. Mimi shule niliiacha mapema. Nilisimama nyuma yake natoa macho.

"Mke wangu, huogopi?"

"Naogopa, mzee wangu. Ndiyo maana naijaribu kwanza."

Jaribio lilimwonyesha jina la zamani na jina jipya, kabla kitu hakijaguswa.

Halafu wakubwa wakaja na lao. Wakaagiza kila faili liitwe kwa tarehe tu. Siku moja, faili moja. Majina yakigongana, libaki moja, lingine lifutwe, eti nafasi imejaa. Nafasi! Ofisini kwao kuna viti vya kuzunguka ambavyo havijawahi kukaliwa.

Jaribio likamwonyesha yaliyogongana. Moja lilikuwa la kwake. Lilikuwa la siku pekee aliyoingia hewani mke wangu. Mgeni wangu hakutokea, nikamvuta yeye kwenye kipaza sauti, akacheka kipindi kizima. Siku hiyohiyo mama mmoja alikuja kumtangaza mwanawe aliyepotea. Siku moja, faili moja.

Mke wangu akabakiza la yule mama.

Nilijua kwamba lake limefutwa baada ya mazishi, nilipotaka kuwasikilizisha kicheko chake. Niliwalaumu wakubwa, na bado nawalaumu. Walinipa pole wakiwa wameshika mlango. Lakini shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliniambia: "Shemeji, dada alibonyeza mwenyewe. Nilimuuliza, na sauti yako je? Akasema, yangu ya nini, mzee ananisikia kila siku nyumbani mpaka ananichoka."

Sikumchoka, wasikilizaji. Nyumbani sasa redio inawaka kutwa, na mara nyingi anayesema humo ni mimi. Binti yetu akija huniuliza, "Baba, unajisikiliza mwenyewe?" Nimsikilize nani tena?

Rambirambi ziende kwa binti yetu, kwa shemeji, na kwa yule mama, kama mwanawe hajarudi. Nawe unayesikiliza, mtazame uliye naye chumbani. Unamsikia, au umemzoea tu?

Hapa ndipo ningeiweka sauti yake. Wakubwa hawataki kimya hewani. Leo watavumilia. Nanyamaza kidogo, nafasi hii ni yake.