Barnaba Okello Omondi, Aliyeandika Alichokiona (1958–2025)

Leo, Jumamosi tarehe 22 Februari 2025, tunamzika Barnaba Okello Omondi hapa kwenye ploti yake ya Gatongora, Ruiru. Tangu matanga yaanze, wageni waliotoka nyumbani Ugenya wamekuwa wakiulizana kwa sauti ya chini kwa nini mwanamume mwenye nyumba yake huko, aliyoijenga kwa jasho lake mwaka wa 1989, anazikwa huku. Swali hilo ni la haki. Familia imekubaliana kwamba wasifu huu ulijibu, na aliyekubali kwa shida kuliko wote ni mdogo wake marehemu, Owino, ambaye ndiye anayeusoma. Anaomba mmvumilie anapojitaja kana kwamba ni mtu mwingine.

Barnaba alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 katika lokesheni ya Ugenya, Siaya, mwana wa marehemu Yeremia Omondi na marehemu Mama Perez. Aliwafuata mapacha, ndiyo sababu akaitwa Okello. Owino alikuja miaka sita baadaye, kitindamimba, akawa anamfuata kaka yake kila mahali hadi afukuzwe kwa kurushiwa vijiwe. Barnaba alidai siku zote kwamba vile vijiwe vilikuwa vya kutisha tu. Owino anasema vingine vilimpata.

Alianza shule ya msingi mwaka wa 1965 na kumaliza kidato cha nne mwaka wa 1975. Hakuwa wa kwanza darasani, ila alikuwa na tabia moja iliyowachosha walimu: hakukubali jambo mpaka alijaribu. Alipoifungua redio ya baba, alichora kila kipande kwenye karatasi kabla ya kukigusa. Redio ilirudi kusema jioni hiyo hiyo, naye akachapwa hata hivyo. Mwaka wa 1977 alikuja Thika, akasomea ufundi wa umeme, na Januari 1980 akaajiriwa katika kiwanda cha nguo ambacho siku hizi hakipo tena.

Kazi iliyomfanya ajulikane ilikuja mwaka wa 1986, na ni kazi ambayo hata mkewe alichukua miaka kuielewa. Kiwanda kilinunua kompyuta moja kubwa, na kwa ubahili kikaiokotezea skrini kuukuu za kila aina kwenye minada. Kila kampuni iliyotengeneza skrini ilikuwa imeifundisha lugha yake. Amri iliyofuta maandishi kwenye skrini hii, kwenye ile ilipiga kengele tu. Programu haikuweza kujua inazungumza na ipi. Kwa hiyo ilibidi mtu aikalie kila aina, kisha aandike kwenye faili: ina mistari mingapi, inabeba herufi ngapi, inafutwa kwa amri gani, inaweza kukoleza maandishi au haiwezi. Programu ilisoma faili hiyo kwanza, ndipo ikaanza kazi. Mtu huyo alikuwa Barnaba. Aliandika maelezo ya skrini za aina thelathini na nne, na thelathini na tatu kati ya hizo aliziandika sawasawa mara ya kwanza.

Ile moja iliyobaki, yeye mwenyewe alitaka isimuliwe. Ilikuwa Agosti 1991. Skrini mpya zililetwa kwenye ukumbi wa rangi, mnamotiwa vitambaa rangi, siku moja kabla ya likizo yake. Badala ya kuzijaribu, alinakili kutoka kwenye kijitabu kilichokuja nazo kwamba zinaweza kufuta mstari kuanzia mahali fulani hadi mwisho. Hazikuweza. Wiki hiyo kitambaa kimoja kilichemshwa dakika 180, na kilichofuata kilihitaji dakika 12. Programu ikaandika 12 juu ya 180, ikaamrisha kilichobaki kifutwe, na skrini haikufuta chochote. Ile sifuri ikabaki. Fundi wa rangi, Bwana Kyengo, alisoma 120 na kuchemsha mashuka mia tatu kwa saa mbili. Yaliyotakiwa yawe ya waridi yakatoka na rangi ya maini. Kyengo akasimamishwa kazi, ikisemekana alilala zamu.

Barnaba alirudi kutoka Ugenya akakuta habari hiyo langoni. Hakupita hata ofisini kwake. Aliingia ukumbi wa rangi, akaandika namba ndefu, akaiandikia fupi juu yake, akaitazama ile sifuri. Kisha akaenda kwa meneja akiwa bado na begi la safari mkononi.

"Kyengo alisoma kile aliona," alimwambia. "Mimi ndio niliongopea programu. Nilisema skrini inaweza kitu haiwezi. Mrudishe yeye, unifute mimi."

Kyengo alirudi kazini Jumatatu. Barnaba hakufutwa, maana hakuna mwingine aliyeijua kazi hiyo, lakini alipewa barua ya onyo, akaihifadhi vizuri kuliko cheti chochote. Tangu siku hiyo hakuandika neno ambalo macho yake hayakuliona. Kyengo yuko nasi hapa, mstari wa pili. Kiwanda kilipofungwa mwaka wa 2003, Barnaba alifungua duka la kutengeneza kompyuta hapa Gatongora, na wateja walizoea kusubiri, kwa sababu hakurudisha kitu kabla ya kukiwasha mara tatu. Miaka ya karibuni binti yake Viola alimwonyesha kwamba hata kompyuta za leo, ukifungua lile dirisha la kuandikia amri, bado zinasoma maelezo ya namna ile ile. Alifurahi siku nzima na kumsumbua kila aliyepita dukani.

Tarehe 14 Desemba 1985 alimwoa Wakonyo, binti wa Mzee Muigai wa Ngoingwa. Mzee alimuuliza Mjaluo huyu atamlisha nini bintiye. Barnaba akajibu, "Samaki, mzee. Akikataa, nitajifunza mukimo." Akajifunza kweli kuponda viazi na mahindi ya mukimo, na watu wa Ngoingwa wanakiri kwamba wake ulikuwa laini. Walijaliwa Viola mwaka wa 1988, Muigai mwaka wa 1990, na Maxine mwaka wa 1993. Maxine alifariki kwa homa ya mapafu mwezi wa Mei 1996, akiwa na miaka mitatu, akazikwa kwenye kona ya ploti hii. Barnaba hakuzungumza juu yake. Kila Jumapili baada ya ibada aling'oa magugu pale, na hakuruhusu mtu kumsaidia.

Tarehe 9 Septemba 2023 alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa na sauti ikaenda. Hospitalini watu walianza kuzungumza kana kwamba hayupo, na mmoja akasema mbele yake kwamba mgonjwa haelewi kitu. Viola alikasirika, kisha akafanya kile alichomwona baba yake akifanya. Alikaa kando ya kitanda wiki tatu akijaribu jambo moja moja. Alipompeleka nyumbani, alibandika karatasi ukutani kwa ajili ya kila atakayemhudumia.

Karatasi ilisema: Baba anasikia vizuri, usipige kelele. Anaweza kufumba jicho la kushoto. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni la. Hawezi kujibu maswali mawili kwa pamoja. Hawezi kuonyesha kwamba ana kiu, muulize. Baada ya saa nane mchana amechoka, jibu lake usilitegemee. Chini yake Wakonyo aliongeza kwa kalamu: Hapendi uji wa Viola.

Desemba iliyopita Owino alikuja kutoka Ugenya. Mwaka wa 2009, Mama Perez akiwa katika siku zake za mwisho, alikuwa amemwapisha kwamba Barnaba akilala usingizi wa mwisho, atamrudisha nyumbani. Wakonyo alimwambia Owino kwamba mumewe anataka kubaki na mtoto wake. Owino hakuamini.

"Shemeji, mtu hawezi kuongea, nyinyi mnasoma macho," alisema. "Mnasoma kile mnataka."

Viola hakubishana naye. "Basi usituamini, baba mdogo. Mjaribu mwenyewe. Sisi tutatoka."

Wakatoka. Owino akafunga mlango, akaanza na mambo ambayo hakuna mtu wa nyumba hii angeyajua. Je, ng'ombe wetu aliyezama aliitwa Rateng'? Mara moja. Je, ni mimi niliyevunja mtungi wa mama? Mara mbili. Kweli, ulivunjwa na Barnaba, na Owino ndiye aliyechapwa. Akamuuliza mengine matano, manne kati ya hayo yakiwa ya uongo, na hakukosea hata moja. Ndipo akavuta kiti na kumuuliza kwa Kijaluo kama akilala ampeleke Ugenya. Jicho likafumba mara mbili. Akaligeuza swali: Ubaki hapa na Maxine? Mara moja, na machozi yakamtoka Barnaba upande ule ulio hai.

Owino hakuridhika na siku moja. Aliuliza tena asubuhi ya pili na ya tatu, saa tatu kamili, kabla kaka yake hajachoka. Majibu yalikuwa yale yale. Asubuhi ile ya tatu aliomba kalamu jikoni, Wakonyo akampa bila kuuliza ya nini.

Barnaba alifariki nyumbani Gatongora Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa kando yake. Ameacha mjane, Wakonyo, watoto wawili, Viola na Muigai, wajukuu watatu, na mdogo wake, Owino, ambaye kesho anapanda gari kurudi Ugenya kuukabili ukoo. Ukoo ukimuuliza alipata wapi ruhusa ya kuvunja kiapo cha mama, atawaonyesha ile karatasi, ambayo Viola ameibandua ukutani na kumpa. Mstari wa mwisho ni mwandiko wake yeye:

Anaweza kuamua. Nimejaribu siku tatu, nimeona mwenyewe. Owino.

Lala, Okello, kando ya mtoto wako. Mungu akupe pumziko.