Kupiga Magoti

Mzee mmoja fundi saa alikuwa na babu mhunzi na baba mhunzi walioheshimiwa kwa ukweli wao, naye hakuwahi kuwaaibisha. Ndani ya basi alimsikia kijana akimwambia muuguzi aliyeketi naye, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kukata tiketi: “Dada, mimi nimeokoka. Nikimpiga mke wangu, usiku napiga magoti, mbingu yangu iko palepale.”

“Na meno ya mkeo yako palepale?”

“Neema inafunika, dada.”

“Hata sufuria hufunikwa, kaka, na mboga ikachacha humo humo!”

Hasira zikampanda mzee. “Aliyeopolewa mtoni harudi kumpigia mamba hodi!”

“Babu, kwani wewe ndiye Mungu?”

Basi likasimama, kijana akashuka, akashika njia ya nyumbani, kwa mkewe. Mzee akatoa kichwa dirishani, akawapazia sauti yeye na vijana wengine waliosimama kituoni. “Sikieni, vijana! Acheni kwanza kupiga wake, ndipo mpige magoti!”