Mashine ya Jacktone na Jina la Mama Philister

Mheshimiwa Chifu, Mchungaji Lewa, wazee wa mtaa, ndugu wapangaji wenzangu wa hapa Magongo, hamjambo. Niwieni radhi mimi mwenyekiti wenu: hotuba ya kuwaapisha viongozi wapya nimeiacha nyumbani. Nina jambo la jana la kuwaeleza kwanza.

Mnaujua utaratibu wetu. Anayeingia kikaoni huacha simu yake kwenye karai mlangoni, na Mama Philister ndiye aliyekuwa akizilinda. Hata hivyo, kila tulilopanga kuhusu kesi ya kiwanja tunachoishi lilimfikia Chengo, dalali anayekitaka, kabla hatujafika makwetu. Nani angeshukiwa kama si mlinda simu, aliyebaki nazo mlangoni? Tukamsimamisha kazi, tena kwa spika, mtaa mzima ukasikia.

Jana mumewe, Jacktone, alikuja ukumbini kutuonyesha mashine aliyojiundia ya kuhesabu mawimbi ya redio. Zamani ilikuwa nzito ya masikio, haisomi mpaka uibandikie redio ya upepo, kama ile ya askari. Akaiongezea amplifaya ndogo ya kukuza mawimbi pale mawimbi yanapoingilia, akaifunika kwa bati la mkebe wa maziwa isijisikie yenyewe, na sasa inanasa hata wimbi hafifu. Simu zote zilikuwa nje, kwa hiyo akatuambia itasoma sufuri.

Jamani, haikusoma sufuri. Ilisoma themanini na nane nukta tatu, ikatulia hapo. Jacktone akadhani ameiharibu. Akaizima, akaiwasha, namba ileile. Akatembea nayo. Mlangoni namba ilipotea, chini ya saa ya ukutani ikakaza, saa tuliyopewa zawadi na Chengo! Jirani yetu Gladys akatoka nje na redio ya FM, akaifungulia kwenye namba hiyo. Mimi nikauliza humu ndani, "Kuna nini?" Dirishani nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikiuliza, "Kuna nini?"

Tukaifungua saa, ndani tukakuta kidude kinachonasa sauti na kuirusha hewani. Ni binadamu gani anayekuletea zawadi ili akusikilize ukihangaikia nyumba ya wanao? Saa hiyo sasa anayo Chifu.

Jacktone, kazi yako imetuokoa. Lakini asubuhi nilipokwenda kwao, Mama Philister alikataa kuja. Alisema, "Spika iliyonichafua ndiyo inisafishe, nikiwa kwangu."

Basi igeuzeni, ielekee nyumba yake.

Mama Philister, hukuuza siri ya mtu. Tulikuzulia, tumekukosea, na leo haapishwi mtu kushika nafasi yako.

Wageni wetu, ahsanteni kwa kunivumilia. Asiondoke mtu, tunausubiri mlango wake ufunguke.