Swali la Saa Tano na Nusu

Nilikaa kiti cha mbele cha Probox iliyotoka Lodwar kwenda Kakuma. Nyuma yangu bibi harusi alikuwa akipanga na pasta wake ibada ya Jumamosi. Ratiba alikuwa ameichapisha mjini, na kila jambo lilikuwa na saa yake.

“Pasta, hapa saa tano na nusu, pa kuuliza kama kuna mwenye pingamizi, ruka.”

“Akaale, hapo haparukwi.”

“Mzee wangu atasimama. Anasema kwa mila yetu ng'ombe dume asipochomwa mkuki, hakuna ndoa. Na Ekuru wangu atatoa wapi dume? Ukame ulimaliza ng'ombe wa kwao wote.”

“Najua, binti yangu.”

“Basi uliza kwa Kiingereza. Mzee hajui Kiingereza.”

Mimi niliona ni wazo zuri. Wengi wetu tuliapa maneno tusiyoyaelewa. Pasta hakucheka. Tulikuwa tunaingia stegi ya Kakuma.

“Baba yako alinipigia jana,” alisema. “Aliuliza hilo swali linakuja saa ngapi, asije akachelewa.”

“Ukamwambia?”

Dereva alizima injini, na pasta akawa wa kwanza kushuka.