Chumba cha Mbele ni cha Kiraka

Sikilizeni wanangu, na asiyesikia asogee, kwa maana sauti niliyobaki nayo ni ya kuazima na mwenyewe yuko njiani kuifuata. Mkubwa, zima simu. Abiria wako watapata gari jingine. Mwalimu, usilie kwanza, utanikatisha, na mimi nikikatishwa nasahau palipokuwa patamu. Na wewe Kiraka, toka hapo mlangoni. Tangu lini mwenye nyumba akasimama kama mpita njia?

Najua mnajiuliza huyu mama wa miwani aliyekaa dirishani ni nani. Si muuguzi. Ni wakili wangu. Joho lake la kwanza nililitia pindo mimi, pale chumba cha mbele, akaniambia siku nikiwa na swali nisione haya kumwendea. Na maswali, mnanijua, sijawahi kupungukiwa.

La kwanza lilikuwa la maji. Jirani yetu Redio, huyu hapa anayejifanya anatazama dari, bati lake lilimwaga mvua yote kwenye ukuta wangu, nami nikataka ashtakiwe mahakamani, asomwe jina lake kamili, mtaa usikie. Wakili akacheka mpaka akavua miwani. "Mama, umeshamwambia mwenyewe?" Nikasema nimemwambia kila mtu isipokuwa yeye. "Basi nenda kanywe naye chai. Hili halijafika kwangu." Nikanywa. Bati likapindishwa, na mimi nikapata shoga, na habari za mtaa zikawa zinanijia zenyewe kwa miguu mpaka kitandani. Ahsante, Redio.

La pili halikuwa la chai. Baba yenu alipofariki, macho yangu hayajakauka, baba yenu mdogo alikuja na kufuli jipya, akasema nyumba ni ya ukoo, nitoe funguo, mjane atatafutiwa pa kujisitiri. Wakubwa wa ukoo wakaninong'oneza ninyamaze, ya ndani hayatoki nje. Nikawaitikia vizuri kabisa, nikavaa viatu, nikaenda kwa wakili. Nilimwambia yote, hata yale niliyokuwa nikigombania na marehemu, maana mficha uchi hazai, na wakili ni kama mkunga, ukimficha mtaumia wote wawili. Siku hiyo hakucheka. Akasema, "Hili ndilo la kuja nalo, tena umefanya vizuri kuja kabla hujatoa funguo."

Shikeni hapo wanangu. Ugomvi wa maneno una chai yake. Lakini mtu akija na kufuli, au na karatasi anayotaka uitie dole hapohapo kabla hujaielewa, au ukiitwa polisi, au mtu amefumba macho na ameacha paa nyuma yake, usijibu kwa hasira wala usikubali kwa haya. Sema ngoja, kisha ukaulize. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi fundi cherehani kujenga sijui. Wakili alimwandikia barua moja tu, na baba yenu mdogo akarudi kwake na kufuli lake, nasikia analifungia banda la kuku. Msimchukie. Mpeni kiti akija, ila funguo msimwonyeshe.

Sasa la tatu, ndilo lililotukusanya. Kiraka, mama yako alikuwa mpangaji wetu, akinisaidia kutia vifungo, akicheka na mimi siku nzima; alifariki wewe hujaota jino, na hakuna aliyekuja kukuulizia. Baba yenu akakupakata akasema, "Nyumba hii ilikuwa na tundu, nasi tumepata kiraka." Tangu hapo mtaa mzima unajua wewe ni wangu.

Juzi nililala hapa nimefumba macho, si kwamba nilikuwa usingizini, nikamsikia Mkubwa jikoni akimuuliza Mwalimu, "Mama akiondoka, Kiraka atabaki hapa kama nani?" Usiiname, mwanangu. Nilikushukuru. Swali hilo wewe uliliuliza kwa kunong'ona. Mwingine angeliuliza kwa kufuli. Nikamwita wakili, nikamwambia mtaa wote ni shahidi. Akanijibu, "Mama, mtaa hauitwi kuja kugawa urithi. Hukuwahi kumuasili awe mwanao kisheria. Usipoandika wosia ukatia sahihi mbele ya mashahidi, anaweza kutolewa na godoro lake." Miaka yote nimeshona nguo za watu na mtoto wangu mwenyewe nimemwacha bila pindo.

Basi sikieni kwangu kabla hamjasomewa. Chumba cha mbele, cherehani zote, na meza ya kukatia ni vya Kiraka. Vyumba vya nyuma na wapangaji wake ni vya Mkubwa. Kiwanja cha kule mlimani ni cha Mwalimu. Mkasi wangu mkubwa mtaazimana, na atakayeukatia karatasi nitamjia ndotoni.

Asije mtu kusema mama alichanganyikiwa. Daktari amekuja asubuhi kunipima akili, akaniuliza leo siku gani. Nikamtajia, nikamwongezea na siku aliyorudi mkwe wake kwao, na sababu. Akaandika nina akili timamu, akaondoka bila kumaliza maji. Mashahidi ni Redio na huyu fundi viatu wa mtaani kwetu, kwa sababu shahidi hatakiwi awe mrithi. Redio alinuna. Usinune, shoga, wewe utarithi habari.

Mkubwa... umesimama. Umempisha Kiraka kiti chako. Ahsante, baba. Hilo wakili hakuliandika.

Nimechoka sasa. Nimekula nanyi, nimecheka nanyi, mmenifutia jasho bila kukunja uso. Sina ninalowadai. Mungu awape nyumba zisizofungwa kwa kufuli la mtu mwingine. Awape majirani wenye midomo na mioyo. Mkigombana, anzeni na chai.

Haya, tokeni nje, nyote watatu. Wakili anasema warithi wasiwepo nikitia sahihi, asije mtu akadai nimelazimishwa. Fundi viatu, nisaidie mto. Kalamu... iko wapi.

Kiraka. Uachie mkono wangu, mwanangu. Najua. Lakini ukiushika sasa, watasema wewe ndiye uliyeandika. Uachie. Nenda na kaka yako.

Nikimaliza nitaita... urudi uushike.