Mwalimu Paskalina, Mkwe Aliyeshukiwa Kuhesabu Ng'ombe

Mwalimu Paskalina, tunayemlaza leo kando ya zizi ambalo hakuwahi kuruhusiwa kuingia, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 huko Mkuu, Rombo, akiwa kitindamimba katika familia ya wakulima wa kahawa, Wakatoliki wa misa ya alfajiri. Alisoma shule ya msingi hapohapo Mkuu, sekondari Moshi, kisha chuo cha ualimu, ambako alichagua somo la Kiingereza wakati wenzake wakilikimbia.

Mwaka 1991 alipangiwa shule ya msingi huku kwetu, magharibi ya Mlima Meru. Mada aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya idadi. Aliwafundisha watoto kwamba Waingereza husema "many cows" lakini "much milk". Kwamba "every" humtaka ng'ombe mmoja tu hata zizi likiwa limejaa. Kwamba "a few" ni afadhali, ila ukiiondoa hiyo "a", ujue hali ni mbaya. Tena ng'ombe kumi hawapewi "a", lakini wakifika mia wanapewa: "a hundred cows". "Kumbe Kiingereza nacho kinawajua matajiri!" wazee walicheka, wakampenda.

Kisha akatoa zoezi la nyumbani: kila mtoto aandike baba yake ana ng'ombe wangapi. Jamani! Kwetu mifugo haihesabiwi kwa mdomo, wala watoto; ukihesabu, umeita hasara. Kesho yake wazazi walijaa ofisini kwa mwalimu mkuu, na mbele yao alikuwa Namnyaki, mama wa boma hili.

"Binti wa Rombo, nani amekutuma?" aliuliza. "Serikali, au wezi?"

Paskalina aliomba radhi, akabadilisha ng'ombe wakawa ndizi. Wengine walisamehe. Namnyaki hakusahau.

Mungu naye ana mambo yake. Mwaka 1994 Paskalina alifunga ndoa na Loishiye, mtoto wa kwanza wa Namnyaki huyohuyo. "Wasichana wote hawa, umeniletea karani wa sensa?" mama alilalamika. Basi wake wa shemeji zake wakiingia zizini kukamua, yeye alikabidhiwa maziwa langoni. Siku moja mama mkwe alimwona midomo ikichezacheza, akamuuliza anasema nini.

"Nasali rozari, Yeyo," alijibu, akimwita mama kwa lugha ya kwetu.

"Na rozari si kuhesabu?"

Tulicheka sisi, Paskalina hakucheka. Alitamani kuaminiwa na mama huyu kuliko alivyotamani cheo chochote shuleni. "Nimezaa humu, nimeota mvi humu," alimwambia mumewe, "bado mimi ni mgeni wa langoni." Hata mwaka 2022, karani wa sensa wa kweli alipobisha hodi, Namnyaki alimtupia Paskalina jicho kwanza.

Mwanzoni mwa 2023 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa mjini Arusha, akarudi nyumbani, akaendelea kusahihisha madaftari kitandani hadi mkono ulipokataa. Mwezi Mei mwaka huu wa 2024 aliomba jambo moja tu: aingizwe zizini. Lakini hakuweza tena hata kukaa.

Mchana mmoja Namnyaki aliingia chumbani bila kubisha. Binti wa marehemu, Aikande, alikuwa akimnywesha uji, akaona kila kitu. Bibi aliegemeza fimbo yake ukutani, akamwinamia mkwewe sikioni, akanong'ona. Paskalina akafumbua macho.

"Yeyo! Ni wengi hivyo?"

"Nyamaza. Usimwambie mtu."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na bibi akamfuta kwa shuka yake mwenyewe.

Alifariki nyumbani alasiri ya tarehe 9 Juni 2024. Hakumwambia mtu.

Ameacha mume, Loishiye. Mama mkwe, Namnyaki. Pamoja na watoto na wajukuu, ambao kwa heshima ya Yeyo hatutataja idadi yao. Jana Loishiye alimuuliza mama yake ng'ombe wa boma hili ni wangapi hasa. Mama alimjibu, "Kamuulize mke wako."

Apumzike kwa amani, yeye na hesabu yake.